Sauti Moja, Hatua Moja

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi kanipa kazi ya shule. Kasema niandike ninachokiona kwa kaka, anachoweza kufanya na mikono na asichoweza, ili daktari wa mishipa ya fahamu asitegemee kumbukumbu yangu. Nikamwambia kumbukumbu yangu haina kasoro, namkumbuka kila mteja aliyewahi kunivunjia kifaa. Hakucheka. Basi naandika, ila nitaandika ninavyotaka mimi.

Hali ya kaka: vidole vya mkono wa kulia havinyooki. Vya kushoto vinanyooka kwa kubembelezwa. Mikono haiinuki tena kufika juu ya kinanda. Vidole gumba, vyote viwili, vizima. Mdomo mzima kupita kiasi.

Mvua zimeanza leo. Bati la nyumba hii lina kelele, likishapigwa humsikii hata mtu wa chumba cha pili.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi harusi kaja kutusalimia. Ndivyo ninavyomwita siku hizi, kumchokoza. Ni binti wa kaka, mtoto wake pekee, anaolewa tarehe ishirini na nne Mei. Mama yake, wifi yangu, alifariki mtoto bado anatambaa. Kaka alimlea kwenye mazoezi ya bendi, mtoto chini kwenye mkeka, yeye juu kwenye kinanda, na huko ndiko alikojifunza kutembea. Baba yake anabonyeza sauti moja, naye anapiga hatua moja. Sauti nyingine, hatua nyingine. Kaka akinyamaza, mtoto anakaa chini puu na kuanza kulia. Hakuna aliyeweza kumtembeza bila kinanda, hata mimi na biskuti zangu. Zile sauti zikazoeleka zikawa wimbo. Hatukuupa jina, tunauita wimbo wa kutembea.

Leo kasema, "Baba, sitaki muziki wa kukodi. Nataka kuingia ukumbini kwa wimbo wangu. Sauti moja, hatua moja, mpaka nimfikie mwenzangu."

Kaka akajibu, "Nitakupigia." Hivyo tu, kama mtu anayeahidi kurudi na mkate.

Nikaiangalia mikono yake pale mapajani. Nikainuka kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Wateja wawili. Kaka kajaribu kinanda, nikamwinulia mkono, ukamponyoka ukaangukia sauti zote kwa mpigo. Kakifunika kwa kiwiko na hajasema neno tangu mchana. Kwa mtu kama yeye hiyo ni habari.

Jumapili, 16 Machi

Ninaishi kwa chumba cha gemu. Kiko hapa mbele, runinga nne, mabenchi, na wateja wenye midomo michafu. Pedi ninazo ndoo nzima. Pedi ni kile kifaa wanachokishika kwa mikono miwili wakicheza, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa gumba. Wateja wanaziua, mimi nazifufua.

Leo kaka alikuja kukaa kwenye benchi kukimbia upweke. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa siku nyingi, akamtania, "Mzee, njoo nikufunge mabao machache ya heshima." Kaka akasema haya, niwekeeni hiyo kitu mapajani. Nikamwekea. Mikono haikuhitaji kuinuka, ilijilalia tu pale pale, vidole gumba ndivyo vilivyofanya kazi. Akamfunga dereva wa watu hadi akatafuta kofia yake aondoke.

Wenzake walikuwa wanaangalia mpira. Mimi nilikuwa naangalia vile vidole gumba. Vilikuwa vinatembea kama alivyokuwa akitembea kwenye kinanda.

"Kaka," nikamwambia, "huo ndio mkono wa kumwingiza mtoto ukumbini."

"Mama Kelele," akasema, "umeanza." Lakini pedi hakuiachia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwita Waya. Ni fundi simu wa duka la pili, kijana mrefu mwembamba, jina limemfaa. Kaelewa kabla sijamaliza kueleza. Kasema pedi yenyewe haina sauti, kazi yake ni kuiarifu kompyuta kwamba nimebonyezwa hapa au nimesukumwa kule. Basi unaifundisha kompyuta: ukiarifiwa hiki, toa sauti hii ya kinanda. Akachomeka waya, akafungua programu yake, akaanza.

Kitufe cha kwanza kikalia kama bata. Kaka akasema, "Huyo si mimi, huyo ni dada yangu akiimba." Tulicheka mpaka Waya akakosea tena.

Sehemu yangu ilikuwa raba. Chini ya kila kitufe cha pedi kuna kiraba kinachokirudisha juu. Kikiwa kipya ni kigumu, kikishachezewa miaka kinalegea. Wateja hunilalamikia raba zikilegea. Leo nimezitafuta hizo hizo, zilizochoka kuliko zote kwenye ndoo, nikamwekea kaka, ili gumba lisihangaike.

Jioni akapiga wimbo wa kutembea wote, polepole, mwanzo mpaka mwisho. Ile sauti ya mwisho akaikalia sana. Kisha akasema, "Alikuwa anafikia hapa, ananishika goti."

Nililia. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo nililia nilivyotaka.

Jumatano, 26 Machi

Mazoezi. Anataka asubuhi na jioni. Kakosoa kinanda cha kompyuta, kasema kina mafua. Ishara nzuri.

Jumanne, 1 Aprili

Vitufe vya mgongoni mwa pedi, vile vya vidole vya shahada, vimetushinda. Vidole vinavikuta lakini havivisukumi. Waya kazihamisha sauti zake kwenye kijiti cha kulia. Kaka amejifunza upya bila kunung'unika.

Jumamosi, 5 Aprili

Hali ile ile. Mvua ile ile.

Alhamisi, 10 Aprili

Gumba la kushoto.

Nilikuwa namkata kucha asubuhi nikalihisi, halina mtu ndani. Nikaendelea kukata kama sijaona. Akasema, "Tangu juzi, usijisumbue kujifanya."

Tumehamishia sauti zote kulia. Vitufe vinne na kijiti, ndiyo mali yetu yote. Kaka kasema nyumba inabomoka, sasa tumehamia wote chumba kimoja. Waya akacheka, kisha akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kuacha kucheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Anakosea. Gumba linachelewa au linadondokea kitufe cha jirani. Anarudia, anakosea pale pale. Leo alikosea mpaka jasho likamtoka, akaniambia nimfute uso, na nilipomfuta halikuwa jasho tu.

Nimeenda dukani kwa Waya. Nimemwomba aipange kompyuta iwe inaujua wimbo. Mzee akibonyeza kitufe chochote, hata kisicho chenyewe, itoke sauti inayotakiwa.

Waya akakuna kichwa. "Dada, mzee ana masikio. Akijua?"

"Hatajua. Nani kalalamika kwa kupiga vizuri?"

Akaipanga. Sioni ubaya wake. Mtu akizama unamshika popote.

Jumatano, 16 Aprili

Kapiga wimbo wote bila kosa, mara mbili. Uso umemng'aa. Tumempigia simu bibi harusi asikie, akalia huko kwenye simu, akasema nguo imekuja, inambana kiunoni. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kumlisha alisema, "Niletee pedi. Na umwite Waya." Nikajua anataka kutuonyesha ufundi. Waya akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Kaka akapiga mwanzo wa wimbo, vizuri. Kisha akasimama. Akatutazama, mimi kwanza, halafu Waya. Akalipeleka gumba kwenye kitufe cha juu, polepole, tumwone. Wote tulijua sauti inayofuata haiko pale. Akakibonyeza. Ikatoka sauti sahihi, safi kabisa.

"Nani kapiga hiyo?" akauliza.

Akakibonyeza tena kitufe kile kile. Sauti nyingine, sahihi. Tena. Wimbo ukawa unakwenda mbele wenyewe kwa kitufe kimoja.

"Siku tatu nasikia kuna mtu humu ndani anapiga vizuri," akasema. "Nikajiuliza, huyu nani? Maana mimi gumba langu nalijua."

"Kaka, nilitaka tu..."

"Nimeishiwa mikono. Masikio hayajaniishia, Mama Kelele. Umenikalisha hapa nafurahi kama mjinga, na mtoto kwenye simu analia kwa ajili ya kompyuta."

Hapo na mimi nikawaka. Nilimwambia anajua kulaumu tu, kwamba ndiye aliyeahidi asichokiweza, kwamba ningefanya nini, nimwache mtoto aingie ukumbini baba yake akikosea mbele za watu? Nilisema na mengine. Nimechoka kumwinua, nimechoka kumgeuza, mgongo unaniuma. Nilisema vyote hivyo na yeye hawezi hata kuinuka atoke chumbani aniache nikipayuka. Waya alikuwa anaangalia sakafu.

Kaka akasubiri nimalize. "Afadhali nikosee," akasema. "Kosa lingekuwa langu."

Akageuza shingo ukutani. Pedi ikateleza mapajani ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

Ni kweli nilimdanganya. Na ni kweli nilikuwa naona aibu kwa niaba yake, na yeye ameiona hiyo aibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, 21 Aprili

Hasemi nami ila "maji" na "asante". Asante yake inakata.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwomba radhi nikimvalisha soksi. Kasema, "Imepita." Haijapita. Pedi iko juu ya kabati.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Bibi harusi kauliza mazoezi yanaendaje. Baba yake kamjibu, "Yanaendelea." Nikaona na yeye anaujua uongo, ila sikufungua mdomo. Mimi ni nani wa kusema.

Jumatano, 30 Aprili

Leo kaniita mwenyewe. "Ilete."

Nikaiweka mapajani. Gumba la kulia likatembea, likajaribu kwenda juu, likashindwa. Pembeni, likashindwa. Likakaa juu ya kitufe cha chini, kile kilicho karibu naye kuliko vyote. Hapo likabonyeza.

"Kimebaki hiki," akasema. Hakulia. Kaniambia nimwite Waya.

Waya akaja amelowa. Kaka akamwambia, "Urudishe ule ujinga wenu. Kitufe kimoja, kila nikibonyeza itoke sauti inayofuata ya wimbo. Sauti nawaachia nyinyi. Lakini lini itoke, hilo ni langu. Isitoke hata moja mpaka nibonyeze."

"Sawa, mzee."

"Na huyu," akaninyooshea kidevu, "asisogee."

Mtu alikuwa na kinanda kizima, mikono miwili ikipishana, watu wazima wakivua viatu kucheza. Sasa amebakiwa na lini.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefanya mazoezi na mwenye harusi. Yeye anatembea kwenye ukumbi wetu mwembamba wa nyuma kuanzia bafuni, baba yake yuko mwisho kwenye kiti cha magurudumu. Sauti, hatua. Sauti, hatua. Katikati kaka akatulia. Binti akabaki na mguu mmoja mbele, anasubiri.

"Baba, umesahau?"

"Nakutazama," akasema. Kisha akabonyeza.

Kumbe unaweza kupiga kwa kunyamaza. Nimeishi na mwanamuziki miaka yote hii, nalijua leo. Anaharakisha pale alipokuwa akikimbia utotoni, anachelewesha pale alipokuwa akiyumba. Sauti ni za kompyuta, ila kila nafasi baina yake ni ya kaka na haiwezi kuwa ya mtu mwingine.

Tumepatana pia. Kasema supu yangu haina chumvi. Nilifurahi kusikia.

Jumatano, 14 Mei

Gumba linachoka haraka. Nimefungua kitufe, nimekipunguza kiraba kwa wembe. Sasa hata upepo unaweza kukibonyeza.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekipunguza tena. Hakuna tena cha kupunguza.

Alhamisi, 22 Mei

Waya kaninong'oneza jikoni kwamba kwenye kompyuta ule ubao mrefu wa chini, wa kuachia nafasi kati ya maneno, unafanya kazi sawa na kitufe cha pedi. Nikiugusa, sauti inayofuata inatoka. "Kwa dharura tu, dada."

Kaka akaita kutoka chumbani. Sijui kasikiaje na mvua hii. "Mama Kelele. Ukiugusa sikusamehi, hata nikiwa chini ya udongo."

Nimeapa. Kasema niape tena kwa jina la mama yetu. Nimeapa.

Jumapili, 25 Mei

Jana ilikuwa harusi. Mvua ilikatika asubuhi, watu wakasema ni bahati.

Kaka alivaa suti ya bendi, imempwaya, nikaibana nyuma kwa pini. Tulimweka mbele ukumbini karibu na mkwe, pedi mapajani, gumba nimeliweka mwenyewe juu ya kitufe. Mimi pembeni yake na kompyuta, mikono yangu nimeikalia. Ndiyo, niliikalia, kama mtoto.

Mlango ukafunguliwa, akasimama pale na ile nguo. Kaka akavuta pumzi, sauti ya kwanza ikatoka. Hatua ya kwanza.

Mwanzoni watu hawakuelewa kwa nini anatembea vile, sauti, hatua, sauti, hatua. Kisha mmoja wa wazee wa bendi akakumbuka, akamnong'oneza mwenziwe, habari ikapita kwenye viti mpaka nikaona vitambaa vinatoka mifukoni. Kaka hakumtazama mtu mwingine. Alimharakisha pale anapojua, akamsimamisha pale anapojua. Mara moja akamchelewesha mpaka binti akacheka, akatikisa kichwa, ndipo kaka akambonyezea. Alipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Sisemi kwa sababu ni kaka yangu. Mimi kwa kawaida namsema vibaya.

Ikabaki moja. Hatua moja kumfikia mkwe, sauti moja ya kufunga wimbo.

Haikutoka.

Nikasubiri. Nikajua anamchelewesha. Binti naye akajua hivyo, alikuwa anatabasamu. Kimya kikaenda. Nikalitazama gumba. Lilikuwa juu ya kitufe, limetulia. Nikamtazama usoni, mshipa wa shingo umesimama, jasho kwenye mdomo wa juu. Ubao wa kompyuta ulikuwa mbele yangu. Kugusa kidogo tu. Hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye.

Sikugusa. Namwapia Mungu sikugusa, na sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile.

Binti akamtazama baba yake. Kaka akamtazama yeye. Mimi nikaona yule mtoto wa kwenye mkeka, nikasema sasa anakaa chini. Akainua gauni kidogo, akapiga hatua mwenyewe. Kimya kimya. Akamshika mkwe mkono.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Alipopata nafasi alikuja akapiga magoti mbele ya kiti, vipodozi vyote vimemchuruzika. "Baba, umeniachia ya mwisho niende mwenyewe," akasema. "Nimeelewa, Baba. Nimeelewa."

Kaka akamwambia, "Umeenda vizuri."

Tulipofika nyumbani nilimvua koti. Nikamuuliza, "Ulimwachia?"

"Nilisukuma kwa nguvu zangu zote," akasema. "Halikwenda." Kisha akaongeza, "Usimwambie."

Jumatano, 28 Mei

Gumba la kulia: halisogei. Muuguzi, hili ndilo uliloniomba niandike.

Jumapili, 8 Juni

Bibi harusi kaja na mumewe. Sasa niseme mke wa mtu. Mvua zimekwisha, madimbwi yamekauka, jua linaingia mpaka kitandani kwa kaka.

Kompyuta iko pale pale mezani, Waya hajaja kuichukua. Programu iko wazi bado, imesimama kwenye sauti ya mwisho, inasubiri ibonyezwe. Binti akaichukua pedi, akaiweka mapajani mwake. Akamwonyesha mumewe kitufe cha chini. "Hiki ndicho alichoninyima," akasema. "Aliweza kabisa, makusudi tu. Ndivyo alivyo, anakufundisha bila kusema." Alikuwa anamjivunia, sauti yote imejaa fahari. Gumba lake lilikuwa juu ya kitufe. "Nikibonyeze, Baba? Tuimalize?"

Kaka siku hizi anaongea kwa shida. "Acha," akasema. "Siku nyingine, mama."

Akaiweka chini. Akanigeukia, "Shangazi, si ndiyo? Wewe ulikuwa karibu. Aliniachia, eti?"

Kaka alikuwa ananitazama.

"Alikuachia," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Akamkumbatia baba yake, wakacheka, yeye kwa mdomo wote, kaka kwa upande unaocheka bado. Nikasema naenda kuosha vikombe. Bati lilikuwa kimya. Nikafungua bomba mpaka mwisho, nikayaacha maji yaende, ili wasinisikie.